Soko la kripto linataka uthibitishe hadiwea waleti ni yako? Fanya hivi, maneno 24 yabaki kwako

Unabonyeza kutoa Bitcoin sokoni uzipeleke kwenye hadiwea waleti yako, kale kakifaa ka Trezor au Ledger au Coldcard ulikonunua ili ukae na hela yako mwenyewe, alafu badala ya hela kutoka inafunguka fomu: hii adresi (ule mstari wa herufi na namba wa kupokelea Bitcoin) ni ya nani? Kama ni yako, thibitisha. Hapo watu wanagawanyika. Kuna wanaodhani ni matapeli wanafunga ukurasa, kuna wanaoanza kugombana na sapoti, na kuna wale ambao, na hawa ndio wananiuma kweli, wanaenda kuichomoa ile karatasi yenye maneno 24 ya siri ya kurudishia waleti walikoificha, wanaipiga picha, wanatuma, wakiamini ndo uthibitisho wenyewe. Mwenye hayo maneno ndo mwenye hela. Ukimpa mtu yeyote, hata kama kweli ni mfanyakazi wa soko, siku akiamua kuchukua anachukua na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika ikarudishwa.

Kuthibitisha kunawezekana bila neno hata moja kuonekana na bila hata satoshi moja, kipande kidogo kabisa cha Bitcoin, kutoka. Ukishaelewa ni dakika tano, na ndo maana nimeamua kuandika hii kitu kwa urefu.

KWA NINI WANAULIZA

Soko lako halijaitunga hii. Juni 2019 FATF, kile chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kilizitaka nchi zihakikishe masoko ya kripto yanajua nani anatuma na nani anapokea, kama benki. Uingereza wakaanza kuitekeleza 1 Septemba 2023. Umoja wa Ulaya wana kanuni namba 2023/1113, imeanza kutumika 30 Desemba 2024, na hiyo inasema muamala ukizidi euro 1,000 kati ya soko na waleti unayoitunza mwenyewe, soko lazima lijiridhishe kwamba hiyo waleti iko mikononi mwa mteja wake. Inahusu kutoa na kuingiza, zote mbili. Kwingine viwango na utaratibu vinatofautiana ila swali ni lilelile.

Mimi binafsi sifurahii jina langu kukaa pamoja na adresi yangu kwenye kompyuta za watu wengine, manake blokcheni, lile daftari la miamala yote ya Bitcoin, iko wazi na anayejua adresi moja anaweza kufuatilia mengi. Lakini kugombana na sapoti hakufungui muamala, kwahiyo cha kufanya ni kuthibitisha kwa njia inayotoa taarifa kidogo kuliko zote.

NJIA ZENYEWE

Soko litakupa moja au zaidi ya hizi. Ya kwanza ni kutiki tu kwamba waleti ni yako, hiyo haina maelezo, tiki kama ni kweli na kama ni ya mtu mwingine sema ni ya mtu mwingine. Ya pili ni kusaini ujumbe. Ya tatu ni kutuma kiasi kidogo kutoka kwenye waleti, wengine wanaiita jaribio la Satoshi. Ya nne ni skrinshoti au video ya kifaa.

Ukipewa uchaguzi, chagua kusaini ujumbe.

Kusaini ni hivi. Kila adresi ya Bitcoin ina ufunguo wake wa siri ambao umekaa ndani ya kifaa na hautoki. Soko linakupa maneno fulani, kifaa kinayachukua, kinayapitisha kwenye ule ufunguo, kinatoa mstari wa herufi na namba ambao ndo saini. Mtu yeyote akiwa na ujumbe, adresi na saini anaweza kuhakikisha kwamba vinaendana, lakini hawezi kurudi nyuma akapata ufunguo. Na saini ya ujumbe haiwezi kuhamisha hela, kwasababu kabla ya kusaini kifaa kinatanguliza maneno maalum, "Bitcoin Signed Message:", kwahiyo kinachosainiwa hakiwezi kugeuka kuwa muamala hata mtu afanyeje. Hakuna ada, hakuna kusubiri bloku, na kubwa zaidi adresi inaweza kuwa tupu kabisa, haijawahi kupokea kitu, na bado ukasaini. Hilo jaribio la Satoshi haliwezi.

Nguvu ya hii kitu ilionekana Mei 2020. Craig Wright, yule aliyekuwa anadai yeye ndo Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin asiyejulikana, alikuwa na kesi Marekani na kwenye orodha ya adresi zilizowasilishwa mahakamani kama zake kulikuwa na nyingi za mwanzoni kabisa mwa Bitcoin. Akatokea mtu asiyejulikana, akasaini ujumbe kwa adresi 145 za kwenye ile orodha, ujumbe unasema Wright ni muongo na hana funguo za hizo adresi. Hakuhamisha chochote wala hakutaja jina lake, na kila mwenye kompyuta aliweza kuhakiki mwenyewe. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaamua kwamba Wright sio Satoshi. Uthibitisho wa yule mtu wa adresi 145 ndo unaoutoa wewe unaposaini, uzito ni uleule.

HATUA KWA HATUA

1. Hakikisha anayeuliza ni soko lenyewe. Ingia kwenye akaunti yako kwa kuandika anwani ya tovuti mwenyewe au kwa apu uliyonayo siku zote, usipitie linki ya kwenye imeili au meseji. Kama ombi ni la kweli utalikuta ndani ya akaunti. Mwaka 2020 data za wateja wa duka la mtandaoni la Ledger zilivuja, imeili, majina, namba za simu, na kwa wengi hadi wanapoishi, na tangu hapo barua za kitapeli za "thibitisha waleti yako" zimekuwa nyingi mno. Ombi la kweli halina sehemu ya kuandika maneno 12 au 24. Ukiiona hiyo sehemu, funga, haijalishi nembo imefanana vipi.

2. Tafuta adresi unayotaka kuthibitisha na uijue ni ya aina gani. Fungua programu ya kifaa chako, chukua adresi ya kupokelea, alafu iangalie KWENYE KIOO CHA KIFAA, sio kwenye kompyuta peke yake, manake kuna virusi kazi yao ni kubadilisha adresi uliyokopi. Sasa soma mwanzo wake. Ikianza na 1 ni ya zamani, ikianza na 3 ni ya katikati (inaweza pia kuwa ya saini nyingi, hiyo nitaigusa chini), ikianza na bc1q ni SegWit ya kawaida ambayo wengi tunatumia, na ikianza na bc1p ni Taproot.

Kama ni bc1p nakushauri uiache kwa shughuli hii. Vifaa vingi bado haviwezi kusaini ujumbe kwa adresi za Taproot, inatakiwa utaratibu mpya unaoitwa BIP322 ambao masoko mengi pia hayajaufikia. Fungua akaunti ya bc1q ndani ya kifaa hichohicho, maneno yako ya siri ni yaleyale, na utumie hiyo.

Na ushauri ambao ningependa ningepewa mapema: tenga akaunti moja ndani ya waleti kwa ajili ya hela zinazotoka sokoni tu. Soko likishajua adresi halisahau, kwahiyo wape ya kwenye chumba kimoja, usiwafungulie nyumba nzima. Kwa sababu hiyohiyo usikubali kutoa xpub, ule ufunguo wa wazi wa akaunti nzima, kama uthibitisho. Xpub haihamishi hela, ni kweli, ila anayeishika anaona adresi zote za hiyo akaunti, zilizopita na zijazo.

3. Kopi ujumbe kutoka sokoni, na uusome. Sio kuupitisha macho, usome. Ujumbe mzuri unataja jina la soko, tarehe, na kitu kinachokuhusu wewe kama namba ya akaunti au namba ya ombi. Hili watu wengi hawalijui: saini haihamishi hela ila inaweza kuibiwa kwa namna nyingine. Tapeli anafungua akaunti kwenye soko fulani, soko linampa ujumbe asaini kuthibitisha adresi, yeye anachukua ule ujumbe anakuletea wewe kwa kisingizio chochote, unasaini, anapeleka, na kuanzia hapo kwenye rekodi za soko adresi yako na hela zake ni za tapeli. Kama ujumbe una jina la soko usilokuwa na akaunti, au una namba isiyo yako, usisaini. Kama ni maneno matupu yasiyotaja mtu wala tarehe, waandikie sapoti uombe ujumbe wenye tarehe na namba ya akaunti, wengine wanakubali.

4. Saini. Kwenye Trezor Suite unaingia kwenye akaunti husika, kwenye menyu ya nukta tatu kuna sehemu imeandikwa "Sign & verify". Coldcard unaandika ujumbe kwenye faili la teksti, unaliweka kwenye kadi ya microSD, unasaini kwenye kifaa bila kukigusisha na kompyuta kabisa. Mimi ninayoipenda ni kuunganisha kifaa na Sparrow au Electrum, programu za waleti za kompyuta, zote ni bure, kwenye menyu ya Tools kuna kusaini na kuhakiki ujumbe, unaweka adresi, unapesti ujumbe, unabonyeza kusaini, kifaa kinakuonyesha ujumbe kwenye kioo chake, unasoma tena, unakubali. Pakua hizo programu kwenye tovuti zao rasmi tu, hapa nako matapeli wamejaa.

Kama programu inakwambia adresi sio ya hii waleti wakati unajua ni yako, usipaniki. Mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili, umefungua akaunti ya aina nyingine (kwa mfano adresi ya bc1q unaitafuta kwenye akaunti ya adresi za 3), au unatumia neno la 25, lile la ziada unaloliongeza mwenyewe, na leo umefungua bila kuliweka au umekosea herufi moja. Neno la 25 likikosewa kifaa hakilalamiki, kinakufungulia tu waleti nyingine tupu.

5. Hakiki mwenyewe kabla ya kutuma. Palepale kwenye Sparrow au Electrum bonyeza kuhakiki, ukiona ni sahihi ndo upeleke. Hii hatua watu wanairuka alafu wanabaki kushangaa kwanini wamekataliwa.

6. Pesti saini kwenye fomu ya soko, tuma.

WAKIIKATAA SAINI

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili mara yangu ya kwanza, kwahiyo nitakaa kidogo.

Sababu ya kwanza ni herufi. Saini imefungwa kwa ujumbe ule mmoja kama ulivyo, nafasi moja ikizidi mwishoni, mstari mmoja ukiongezeka, herufi kubwa ikawa ndogo, saini haikubali. Mimi niliupitisha ujumbe kwenye programu ya kuandikia barua nikaukopi kutoka huko, kumbe ile programu ilibadilisha alama za kunukuu zilizonyooka ikaweka zilizopinda, kwa macho huoni tofauti. Ukitaka kuuhifadhi ujumbe tumia programu ya teksti tupu. Na ukipesti saini hakikisha hujaacha ile alama ya = mwishoni, saini ya kawaida ina herufi 88 na hiyo alama ni mojawapo.

Sababu ya pili ni fomati na hii inawachanganya hata watu wa sapoti. Utaratibu wa kusaini ulitengenezwa enzi za adresi za 1. Zilipokuja adresi mpya kila mtu akafanya lake: Electrum wanasaini adresi ya bc1q kwa alama ileile ya zamani, Trezor wanafuata utaratibu unaoitwa BIP137 ambao una alama tofauti kwa kila aina ya adresi. Saini zote mbili ni za kweli, zimetoka kwenye ufunguo uleule, ila soko linaloelewa moja linaweza kuikataa nyingine. Namna ya kujua unayo ipi ni kuangalia herufi ya kwanza ya saini. Kwa adresi ya bc1q, saini ikianza na H au I ni ya Electrum, ikianza na J au K ni ya BIP137. Imekataliwa yenye H? Jaribu nyingine. Kwenye Trezor Suite kuna kitufe cha kuchagua fomati kati ya Trezor na Electrum, Sparrow nayo inakuruhusu kuchagua. Mimi yangu ilipita nilipobadilisha hapo, baada ya kuwa nimeshaandikiana na sapoti imeili sita hivi na hakuna hata mmoja aliyelitaja hilo.

Kuna wanaochukua saini na kubadilisha ile herufi ya kwanza kwa mkono, kitaalamu inawezekana, ila usihangaike nayo, saini upya tu.

UKILAZIMIKA KUTUMA KIASI KIDOGO

Soko linakwambia tuma kiasi fulani kamili kutoka kwenye adresi unayodai ni yako, ndani ya muda fulani. Kwanza lazima hiyo adresi iwe na hela, kama ni mpya huwezi. Pili, waleti ikiachwa ichague yenyewe inaweza kutoa hela kwenye adresi nyingine kabisa, au ikaunganisha adresi tatu kwa pamoja, na hapo umeshindwa jaribio na umeshawaonyesha adresi tatu badala ya moja. Kwahiyo tumia sehemu ya kuchagua sarafu mwenyewe, Sparrow iko kwenye ukurasa wa UTXOs, Trezor Suite nayo inayo, uchague ile ya adresi husika peke yake. Kiasi kiwe kilekile hadi tarakimu ya mwisho, na ada ya mtandao iwe juu yake, isitolewe ndani yake. Weka ada nzuri kama kuna muda wa mwisho. Chenji itakwenda kwenye adresi mpya ya kwako, hiyo ni kawaida usishtuke.

Soma pia kama kiasi cha jaribio kinarudi kwenye salio lako au la, manake masoko mengine yana kiwango cha chini cha kupokea.

Kwa waleti ya saini nyingi, ile ya vifaa viwili kati ya vitatu, kusaini ujumbe kwa njia ya kawaida hakufanyi kazi, kwahiyo waambie mapema wakupe hili jaribio.

SKRINSHOTI NA VIDEO

Iache iwe ya mwisho kabisa. Ikibidi, onyesha adresi kwenye kioo cha kifaa na adresi hiyohiyo kwenye programu, basi. Ficha salio na akaunti nyingine, na angalia mezani kuna nini, karatasi ya maneno isiwe hata chumba hicho.

UKIWA UNAINGIZA, SIO KUTOA

Hii inauma zaidi kwasababu hela imeshafika sokoni na imeshikiliwa mpaka uthibitishe ilikotoka. Fungua ule muamala kwenye tovuti ya kuangalia blokcheni, upande wa kushoto kuna adresi hela ilikotokea, inaweza kuwa moja au kumi. Soko linaweza kutaka saini ya mojawapo au ya zote. Sasa shida inayowapata wengi, baadhi ya hizo adresi hawazitambui kabisa wanaanza kuogopa wameibiwa. Ni adresi za chenji, waleti inazitengeneza yenyewe na haizionyeshi kwenye orodha ya kupokelea. Fungua Sparrow au Electrum kwenye ukurasa wa adresi, utazikuta zimepangwa sehemu yake, na zinasainika kama nyingine. Fanya moja moja, kila moja na saini yake, usichanganye saini ya hii na adresi ya ile, na ukimaliza uzihakiki zote kabla hujatuma.

Hifadhi ujumbe, adresi na saini kwenye faili moja la teksti, siku wakiuliza tena utakuwa nazo. Adresi ya kutolea ikishaonekana imekubaliwa kwenye akaunti, tuma kwanza kiasi kidogo, subiri ukione kimefika kwenye kifaa, alafu ndo utume kilichobaki.